Fila ya 2017 bado iko usoni? Daktari anataka altrasaundi kabla ya kuyeyusha

Mpambaji_Muscat

Assalaam alaykum jamani. Mwenzenu nimevimba shavu na nyumbani sina wa kumwuliza. Mume wangu tangu asikie neno altrasaundi kazi yake kucheka tu: "Sasa usoni utazaa nini?" Kwa hivyo nawaletea nyinyi.

Miye mtu wa Unguja, Muscat niko mwaka wa 14, riziki yangu kupamba maharusi. Nyuso nazijua. Najua poda inakaa wapi na inakimbia wapi, na nikimshika bi harusi kidevu tu chini ya taa nishajua kama kachoma kitu, maana ngozi iliyojazwa inang'aa vingine. Uso wangu mwenyewe ndio ulionishinda.

Mwaka 2017, kabla ya harusi ya mdogo wangu, nilichoma fila, ile sindano ya jeli ya kujaza uso, chini ya macho, kwenye yale mabonde. Kliniki ya maana, daktari wa kweli, karatasi nikatia saini. Nikaambiwa itakaa miezi 9, ikizidi sana mwaka, kisha itaondoka yenyewe. Ile karatasi sijui iko wapi, tangu hapo nimehama nyumba mara 2.

Mwaka 2019 ndipo nikafanya ujinga wangu. Shoga yangu mmoja alitualika kwake Ijumaa baada ya chakula, akaja bibi mmoja na kasha la barafu, lile la kubebea soda ufukweni, ndani yake sindano zimeshajazwa. Bei nusu ya kliniki. Akatuchoma mashavu na ile mistari inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Nikamwuliza, bibi, hii nini? Akasema, "Hiyohiyo ya kliniki, mwanangu, ya asidi." Sikuona kiboksi, sikuona stika. Miye ambaye sinunui fondesheni mpaka nisome nyuma ya chupa!

Sasa mwezi uliopita jino la juu la kushoto lilinitesa, daktari wa meno akalifungua akasafisha mzizi. Siku 5 baadaye shavu la upande huohuo likafura. Likapungua, lakini limeniachia kinundu kigumu kama punje ya mbaazi. Nakijua kwa sponji: nikijipaka, sponji ikifika pale inaruka kama gari kwenye tuta. Na chini ya macho kila nikiamka nina mifuko, adhuhuri inashuka kidogo, kesho yake tena.

Kliniki ya kwanza daktari alibonyeza kwa kidole, akasema leoleo tunayeyusha yote, uso mzima. Nikapata woga, nikasema nitarudi. Nikaenda kwa daktari wa ngozi mwengine, kijana tu, yeye akaniambia, "Mimi sichomi chochote mpaka nijue humo ndani mna nini." Kaniandikia altrasaundi ya uso, yenye dopla, ile inayoonyesha damu inavyopita. Riali 35, na bima imeshakataa.

Nauliza hivi. Ile mashine ya kuangalia mtoto tumboni kweli inaona matone ya jeli chini ya ngozi? Fila ya 2017 inawezekana bado ipo, na wao walisema mwaka? Kama ni picha, kwa nini isiwe MRI, ile ya bomba la sumaku? Na mionzi hapo karibu na macho, hainidhuru? Msinicheke, au chekeni kisha mnijibu.

Probu_na_Jeli

Pole sana dada. Mimi ndiyo kazi inayonilisha hii, ya kupiga altrasaundi. Nilisomea Nairobi, sasa niko Uingereza, na kwa miaka kadhaa meza yangu imekuwa shingo na uso.

Kwanza hiyo mionzi, maana naiona inakusumbua. Kwetu idara nzima huitwa "mionzi", hata mlango wa altrasaundi umeandikwa hivyo, ndiyo maana watu wanaogopa. Altrasaundi haina mionzi. Ni sauti, nyembamba mno kwa sikio la binadamu kuisikia. Inatumwa ndani, inagonga kitu, inarudi kama mwangwi. Kinachorudisha mwangwi mkali tunakiona cheupe. Majimaji hayarudishi kitu, tunayaona meusi.

Mashine yaweza kuwa ileile ya wajawazito, ila kile kichwa ninachokushikia mwilini, probu, sicho. Cha tumbo hufanya kazi kwenye megahezi (kipimo cha kasi ya mitetemo ya sauti) 2 hadi 5, kinaona mbali lakini kwa ujumla tu, kama mtu aliyevua miwani. Cha uso kinatakiwa kuanzia megahezi 15, na 18 au 22 ni bora zaidi. Hakizami mbali, sentimita chache basi, lakini uso wenyewe una kina gani? Kwa hiyo ukipiga simu kuweka nafasi, uliza vitu viwili: kichwa chenu ni cha megahezi ngapi, na anayekishika amewahi kutazama fila? Wakikujibu "altrasaundi ni altrasaundi tu", kata simu utafute pengine.

Nikuambie tunachoona, maana hapo ndipo patamu. Fila ya asidi ya haialuroniki, hiyo ambayo wengi wanaiita ya asidi, ikiwa changa ni vidimbwi vyeusi vya mviringo. Ya kalsiamu ni nyeupe na huacha kivuli nyuma yake, kama jua likikutana na ukuta. Ile yenye vichembe vya plastiki, PMMA, ni nukta nyeupe na kila nukta ina kijimkia cha mwanga kinachoning'inia. Silikoni ya mafuta ndiyo usiyoisahau ukishaiona: weupe uliovurugika unaofunika kila kilicho nyuma yake. Vitabu vinaiita dhoruba ya theluji. Elimu hii si ya jana. Huko Chile yuko daktari Ximena Wortsman aliyeandika kwa miaka mingi jinsi kila aina inavyoonekana, na Rotterdam wako Leonie Schelke na Peter Velthuis ambao wamefanya altrasaundi kuwa sehemu ya kutibu madhara ya fila.

Kuhusu 2017, ndiyo, inawezekana kabisa. Ile "miezi 9 hadi mwaka" ilihesabiwa kwa macho, yaani muda ambao mtu akijitazama kwenye kioo bado anaona tofauti. Kuondoka ndani ya nyama ni hesabu nyingine. Australia kuna daktari wa radiolojia, Mobin Master, ambaye na wenzake walitoa mwaka 2024 mapitio ya picha za MRI za watu 33 ambao hawakuwa wamejaza sehemu ya kati ya uso kwa miaka isiyopungua 2. Wote 33 bado walikuwa nayo, na kuna aliyefikisha miaka 15. Asidi yenyewe mwili unayo na huibadilisha kila siku, lakini ya kwenye sindano imefungwa kwa kemikali makusudi isitoke haraka. Tena inapenda maji. Hiyo mifuko yako ya asubuhi inayoshuka adhuhuri, mimi ningeanza kuishuku hiyo.

MRI ni nzuri kwa kuona uso mzima kwa mara moja. Lakini ndani ya MRI umelala kimya kwenye bomba, na picha ikitoka imetoka. Mimi na probu nakubonyeza, nakuuliza "hapa ndipo panapouma?", nawasha dopla naona damu inapita wapi, na daktari akitaka kuchoma anaiona sindano ikiingia.

Nisikudanganye kwamba inaona kila kitu. Jina la kampuni picha haisemi. Fila ya zamani huchanganyika na nyama, ule weusi unapata ukungu, na kimfuko cha kawaida cha maji kinaweza kufanana nayo. Ukiwa umechoma aina mbili juu kwa juu, tunakuna kichwa.

Lakini kwako swali kubwa ni hili la kuyeyusha. Dawa ya kuyeyusha, haialuronidezi, inakula asidi peke yake. Kalsiamu haigusi, plastiki haigusi, silikoni haigusi. Yule daktari wa "leoleo tunayeyusha yote" alijuaje kwamba yote ni asidi? Kwa kidole?

mtu_wa_hesabu

Wakuu, mimi naona hii ni biashara tu. Kwanza wanakuuzia sindano ya kujaza, halafu wanakuuzia sindano ya kutoa, sasa wamegundua katikati wanaweza kukuuzia picha. Riali 35 ni karibu dola 90. Mama zetu walizeeka na mikunjo yao na hakuna aliyewapiga picha ya shavu.

Shoga_wa_Sinza

Mtu wa hesabu, dada kaja na uvimbe, hajaja kuomba mawaidha. Mama zetu pia waling'olewa meno bila ganzi, turudi huko?

Shoga, nikupe yangu ya midomo. Nilijaza mara 4 Dubai, kila safari ya mzigo naongeza kidogo. Mwisho nikawa na kivimbe juu ya mdomo, hapa kwenye masharubu, ukinitazama kwa upande kama bata. Mimi nikidhani imepungua kwenye mdomo ndiyo maana naongeza, kumbe haijaenda popote, imehama tu imepanda juu. Hilo nililiona kwenye altrasaundi kwa macho yangu: kwenye mdomo wenyewe mna kidogo, juu ya mstari ndiko kumejaa.

Daktari akayeyusha pale palipoonekana tu. Mdomo wenyewe hakuugusa. Zamani walikuwa wanapiga dawa kila mahali kwa kubahatisha, unatoka umesinyaa kama embe la juzi. Sindano inawasha, usiambiwe haiumi. Mwili ulikaa sawa baada ya wiki 2.

Kitu kimoja: usiende umepaka chochote. Mimi nilienda na lipstiki ya matte, tumeikwangua dakika 10 kabla ya kuanza.

Muuguzi_Mstaafu

Mwanangu wa Muscat, nimekaa wodini miaka 31, Tanga na Dar, kwa hiyo nivumilie nikisema kama mama.

Hilo jino lako ndilo lililonishtua kuliko fila. Fila ya zamani inaweza kukaa kimya miaka, kisha ukapata maambukizi ya jino au mafua makali, kinga ya mwili ikaamka na kuanza kupigana na kitu ambacho ilikuwa imekisahau. Wakati wa kujaribu chanjo ya Moderna ya korona, mwaka 2020, waliripotiwa watu 3 waliovimba uso au mdomo pale walipokuwa na fila. Watatu tu katika maelfu, lakini ndiyo hadithi hiyohiyo. Kwa hiyo rudi kwa daktari wa meno apige eksirei ya huo mzizi. Kama chini ya jino kuna usaha, utatibu shavu mpaka uchoke.

Usikikande hicho kinundu, usikiminye, usiweke maji moto. Na wasikuchome dawa ya kuyeyusha kupitia mahali penye maambukizi kama hakuna dharura, maana dawa hiyo inafungua njia kwenye nyama, na wadudu nao wanapita. Na kama umewahi kung'atwa na nyuki ukavimba mwili mzima au ukakosa pumzi, mwambie daktari kabla. Kiambata kama cha dawa hiyo kimo kwenye sumu ya nyuki.

Sasa niwaambie na wengine mnaosoma kimyakimya. Haya ya kusubiri altrasaundi wiki nzima ni ya fila ya zamani. Mtu akichomwa leo, ngozi ikawa nyeupe kama karatasi au ikafanya madoa ya zambarau kama wavu, akapata maumivu makali, au jicho likaanza kuona giza, huyo asiende kupanga foleni ya picha kesho. Fila imeingia au imebana mshipa wa damu. Arudi aliyemchoma saa ileile, na kama ni jicho aende hospitali kubwa sasa hivi. Hapo tunahesabu dakika.

mtu_wa_hesabu

Mama nimekusikia. Ila nauliza kwa nia njema: yule bibi wa kasha la barafu, hakuna aliyemripoti?

Mpambaji_Muscat

Jamani nimerudi, wiki 7 zimepita. Samahanini kwa kimya, ulikuwa msimu wa harusi na uso wangu wenyewe ulikuwa unanisubiri.

Nilifanya kama Probu alivyosema. Simu ya kwanza, "altrasaundi ni altrasaundi". Nikakata. Simu ya pili nikapata daktari mwanamke ambaye kichwa chake ni cha megahezi 22 na nyuso ndiyo kazi yake. Shoga wa Sinza alinionya na bado nikaenda na wanja. Mazoea.

Nililala, taulo chini ya shingo, taa zimezimwa. Alimwaga jeli nyingi mno, nikahisi kama keki inapakwa krimu, akasema ni makusudi: probu ikae juu ya jeli isiukandamize uso, ukibonyeza fila inabapa na unaipoteza. Akanigeuzia skrini.

Chini ya jicho la kulia, kidimbwi cheusi. Cheusi hasa, kama maji ya mvua kwenye njia. Akakipima: upana milimita 9, kina karibu 3. Kushoto kipo kingine, kidogo kuliko hicho. Nikamwambia hiyo ni ya 2017, akasema "najua", kama mtu aliyeambiwa leo ni Jumanne. Miaka 8 nakula, nalala, nasafiri nao, na kila asubuhi najipaka konsila juu yake nikimlaumu usingizi.

Halafu akashuka shavuni.

Probu, hiyo dhoruba yenu ya theluji miye siijui, theluji sijaiona maisha yangu. Nilichokiona ni chenga. Wale tuliokulia Unguja mnakumbuka televisheni, matangazo yakishakwisha usiku, baba kasinzia kwenye kochi, kwenye kioo zinabaki chenga nyeupe zinacheza? Zilezile. Shavu la kushoto chenga, la kulia chenga kidogo, kando ya mdomo chenga. Na chini ya chenga hakuna picha, kama kuna mtu kashusha pazia. Daktari akanyamaza kidogo, akauliza polepole, "Hii ulichoma wapi?" Nikamweleza lile kasha. Akasema hii sura si ya asidi, ni ya silikoni ya mafuta.

Kile kinundu kimekaa pembezoni mwa chenga. Alipowasha dopla pakawa na rangi nyekundu na buluu zinamemeteka kukizunguka, damu imejaa pale, yaani mwili unapigana na kitu. Mshipa mkubwa wa uso unapita jirani kabisa. Aliniwekea sauti yake nikausikia, fwu, fwu, fwu. Sijui kwa nini hiyo sauti ndiyo iliyoniliza. Wanja ukaingia kwenye jeli, tukawa wote wawili weusi mikono.

Muuguzi Mstaafu, mama, Mungu akuweke. Eksirei ilionyesha mzizi wa jino haukuwa umesafishwa wote, usaha ulikuwa bado upo. Jino likafunguliwa upya, nikapewa antibayotiki, na daktari wa ngozi akakataa kunigusa mpaka litulie. Wiki 3 nikangoja.

Kisha chini ya macho tukayeyusha, probu mkono mmoja, sindano mkono wa pili. Sindano unaiona inaingia kama uzi mweupe mpaka ndani ya kidimbwi. Nilimchukua mume wangu siku hiyo aone. Akaangalia skrini, kidimbwi cha kulia, kidimbwi cha kushoto, akasema, "Pacha." Daktari alicheka mpaka akaweka sindano chini. Niliporudi baada ya wiki 2 kupigwa tena, kulia hakuna kitu, kushoto kimebaki kipande kisichofika milimita 2, tumekiacha. Mifuko ya asubuhi imekwisha. Nimebaki na mabonde yangu ya kuzaliwa, nayapaka konsila ya pichi kama ninavyowapaka wateja.

Mashavu hayakuguswa. Kinundu kimepungua kwa dawa, sasa ni kama punje ya mchele na sponji inapita bila kuruka. Kukata hataki, kwa sababu silikoni haikukaa mahali pamoja kama yai kwenye kiota, imejipenyeza ndani ya nyama, na hapo pana mshipa na pana neva ya kuchekea. Itaishi na miye. Nimekatazwa kuongeza chochote juu yake, hata kliniki ya dhahabu, na kila nikienda kwa daktari wa meno niseme kabla hajashika koleo. Nikafikiria: kama ningemkubali yule wa kwanza, angenichoma dawa ya kuyeyusha kwenye silikoni, juu ya usaha wa jino, halafu aniambie nirudi wiki ijayo tuongeze dozi.

Probu_na_Jeli

Chenga! Miaka yote hii nafundisha wanafunzi dhoruba ya theluji, na wengine wametoka Mombasa. Kuanzia kesho ni chenga.

Dada, omba upewe picha zote kwenye diski au faili, za kabla na za baada, na karatasi iliyoandikwa ni upande upi na kina gani. Mashavu yapigwe tena baada ya muda ambao daktari wako atakupangia, ili mtu awe na cha kulinganisha. Na usiipoteze kama ile ya 2017.

Mpambaji_Muscat

Ninazo, nimezitia kwenye sanduku la brashi, pale siwezi kupotea napo.

Mtu wa hesabu, uliuliza kuhusu yule bibi. Namba yake haipatikani tena, na shoga aliyetualika anasema hata jina lake kamili hakuwahi kulijua. Tumekwenda kueleza wizarani, wameandika.

Ila siku ile kwenye lile zulia tulikuwa 5. Nimeanza kuwatafuta. Mmoja yuko Salalah, atakwenda kupigwa Alkhamisi. Mmoja nimemkuta na kinundu tayari, upande wa kulia, anakikanda kila usiku na mafuta ya habasoda. Mmoja kanikatia simu. Wa nne karudi Pemba na sina namba yake, kama kuna mtu humu ana ndugu Wete, anipitie inboksi nitamweleza ni nani.